Nakala Iliyotangulia

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Swabra, binti wa mama yangu mdogo, na alinisimulia mara moja tu, mchana, mlango wa mbele ukiwa wazi. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi siitaji jina. Ni yadi moja ya makontena huko Changamwe, na mawakili wake wana wakati mwingi kuliko mimi.

Ilikuwa Jumatatu ya mwaka juzi, Jumatatu kama zote. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu Kipevu, madereva wametoa miguu madirishani, na ofisini alikuwa ameketi mkaguzi kutoka Nairobi, bibi mmoja mchangamfu aitwaye Lavender, mkononi ana orodha ndefu ya mambo ya kutiwa alama ya vema.

Kazi ya Swabra ilikuwa kutunza daftari la yadi. Nasema daftari kwa mazoea. Lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta. Kontena likiingia, mstari mmoja. Likitoka, mstari mmoja. Mtu akiumia kazini, mstari vilevile, kwani sheria inataka kidole kilichokatika kipewe nambari kama kontena. Daftari hilo lilikaa katika mashine mbili. Ya kwanza waliiita Mama. Ilikuwa Changamwe na ndiyo iliyoandikiwa. Ya pili waliiita Nakala. Hiyo waliivusha hadi Likoni, katika chumba cha kupanga nyuma ya nyumba ya Bi Barke, si mbali na Shelly Beach, ili Changamwe ikiungua moto, daftari lisalimike. Watu hawakutajwa katika mpango huo wa moto.

Nakala haina akili. Kazi yake ni kurudia. Mama akiandika, Nakala huandika yale yale baada ya kitambo kidogo, na kitambo hicho wao hukiita pengo. Kulipima si kazi. Kila sekunde Mama huandika saa mahali pamoja, pigo jipya likifuta la zamani, kama moyo. Nakala hulipokea pigo, hutazama saa yake yenyewe, hutoa. Pigo likisema sekunde ya tatu na saa yake ikisema ya tano, pengo ni sekunde mbili. Mkataba ulitaka pengo lisizidi mbili.

"Nionyeshe hiyo pengo," Lavender alisema.

Swabra akalifungua. Skrini iliandika: hasi 2,400.

"Hii ni chini ya mbili, ama?"

"Ni chini ya sifuri, dada. Haiwezekani."

"Sifuri iko chini ya mbili, na hii iko chini ya sifuri. Hapo mmepita vizuri sana." Akatia vema, akaongeza nyota.

Sekunde elfu mbili na mia nne ni dakika arobaini. Kwa hesabu ile, Nakala ilikuwa imeshapokea mapigo ya dakika arobaini ambayo moyo wenyewe ulikuwa haujayapiga.

Swabra alifanya ambalo kila mtu wa kazi ile angefanya: akailaumu saa. Saa ya mashine mojawapo ikienda mrama, pengo hutoka halina maana. Akavuka kwenda Likoni asubuhi ya Jumanne, akaweka simu yake kando ya Nakala, akampigia ndugu yake Mahir kule yadini amsomee saa ya Mama. Zililingana. Sekunde kwa sekunde. Mahir alimwuliza kama kampuni imemlipia nauli ya kuvuka maji ili aulize saa.

Huyu Mahir ndiye kitinda mimba wao, karani wa kukagua lakiri, zile sili za milango ya makontena, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mdomo. Baba yao alipofariki, Swabra ndiye aliyemsomesha na ndiye aliyemtafutia kazi ile. Mama yao, pale Kisauni, hakulala hata siku moja kabla hajaisikia pikipiki ya Mahir ikizimwa uani.

Saa ikishatoka lawamani, kuna kipimo cha pili: kuhesabu mistari. Mama alikuwa amefika mstari wa 88,412. Swabra akaihesabu Nakala. 88,720. Mistari mia tatu na minane ambayo hakuna karani aliyeiandika.

Akaisoma. Lori limeingia. Lori limetoka. Nambari za usajili, nambari za lakiri. Safu ya saa ilikuwa tupu kila mstari, kwa kuwa saa hujazwa na Mama wakati wa kuandika, na Mama alikuwa bado hajaandika. Mistari yote ilikuwa ya kuchosha, kama inavyotakiwa, mpaka wa 88,701.

*JEFWA. Fundi wa kufuli. Yadini. Mkono wa kulia kuanzia kifundo. Umetegana.*

Akampigia Mahir tena.

"Jefwa yuko wapi?"

"Huyu hapa mbele yangu, yuwala mahamri ya watu."

"Mkono wake wa kulia una nini?"

"Una hamri. La tatu. Kwani, dada, umekuwa daktari huko Likoni?"

Akacheka, na Swabra naye akacheka kidogo, akakata simu. Baada ya nusu saa na dakika chache ilikuwa zamu ya Mahir kupiga. Hakucheka. Kontena tupu lilikuwa likishushwa juu ya jingine, na Jefwa alikuwa akipangusa tope kwenye kufuli ya kona. Kontena tupu lina uzito wa tani mbili na zaidi. Lilikaa vizuri, Mahir alisema, lilikaa sawasawa kabisa mahali pake, na Jefwa akabaki amesimama akilitazama kama mtu aliyesahau neno. Kisha akaanguka upande wa huku. Upande wa pili, vidole vyake vilikuwa bado vimeshika kitambaa.

Jioni Swabra alimfungua Mama, akausoma mstari wa 88,701. Karani alikuwa ameuandika kwa haraka. Hata kosa la herufi lilikuwa lile lile.

*

Msimamizi wa yadi alikuwa Erastus, mtu wa bara, mpole, mwenye kabati tatu za fomu na funguo zake zote kiunoni.

"Madam Swabra," alisema, "pengo likizidi, kuna fomu. Likipungua, kuna barua ya pongezi. Hii yako inaenda nyuma haina fomu."

"Mzee, mtu amekatika mkono na daftari lilijua kabla."

"Kwa hivyo daftari liko sahihi?"

"Ndiyo."

"Basi shida iko wapi?"

Ndipo akarudi Likoni, kwa kuwa huko ndiko lilikokuwa jambo lenyewe. Bi Barke alimkuta ameketi mbele ya mashine, akamletea maji.

"Shikamoo, Bi Barke."

"Marahaba, mwanangu. Mbona rangi imekutoka?"

Swabra akamwuliza kwa njia ya mbali, kwa adabu, chumba hiki kilikuwa cha nini kabla ya kampuni. Bi Barke akatazama ukuta.

"Kilikuwa cha marehemu mume wangu. Alikuwa mwaguzi, akiwaangalizia watu humu. Watu walitoka mbali, hata Lamu. Wengine hukoroga mchanga, wengine hufungua kitabu. Yeye aliandika tu. Mtu hajaketi, hajavua viatu, jibu lishaandikwa. Mara nyingine mtu alikuwa bado hajapata hata hilo swali."

"Na nyinyi mkatupangishia?"

"Nyinyi mlitaka chumba kikavu chenye stima. Hamkuuliza kina mazoea gani."

Akachukua bilauri akatoka. Swabra aliusikia mlango wa uani ukifungwa kwa komeo. Komeo lilikuwa upande wa nje.

Alipoujaribu, ulikuwa wazi.

*

Jumatano ilikuwa zamu ya Ruwa. Huyu alikuwa dereva, mtu wa Mazeras, baba wa mapacha. Mstari wake ulisema: *RUWA. Safu ya nne. Kebo ya chuma. Shingo.*

Swabra aliusoma saa nne na dakika tano asubuhi. Akatazama pengo: dakika arobaini, kama jana. Akajumlisha. Saa nne na dakika arobaini na tano. Wakati upo. Akampigia Mahir.

"Mtoe Ruwa yadini. Mtoe kabisa, mpeleke nje akanywe chai. Nitakueleza."

"Dada, unanitisha."

"Ndiyo. Mtoe."

Mahir alimtoa. Alimshika mkono akampitisha langoni, akamnunulia chai ya maziwa kibandani. Ruwa alishukuru, alidhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Lakini yadi ile ina kanuni: dereva akitoka akaacha lori ndani, sharti atie sahihi fomu ya kuthibitisha kwamba ametoka, na sahihi hiyo hutiwa kando ya lori lenyewe mbele ya shahidi. Shahidi akaja kumwita. Mahir alikuwa amegeuka kulipia chai.

Saa nne na dakika ishirini na tatu kebo ya kreni ilikatika katika safu ya nne. Ilirudi kama mjeledi. Ruwa alikuwa ameinama juu ya boneti ya lori, kalamu mkononi. Haikumwangusha mara moja. Ilimpita tu, Mahir alisema, kama kitu kinachompita mtu njiani, kisha kichwa kikalala begani kikashikiliwa na ngozi ya upande mmoja, na macho yalikuwa yakiitazama fomu. Sahihi ilikuwa imefika nusu. *Ru.* Fomu ilihifadhiwa. Ilikuwa na damu, lakini vinginevyo ilikuwa imejazwa vizuri.

Usiku huo Swabra hakula. Si kwa ajili ya damu, alinambia. Kwa ajili ya hesabu. Alikosea, na kosa lake lilikuwa la mwanafunzi. Pengo hukwambia mstari wa mwisho wa Nakala uko mbali kiasi gani. Halikwambii habari za mstari unaousoma wewe. Mstari wa Ruwa ulikuwa umeshalala humo dakika ishirini na mbili kabla yeye hajaufikia kwa macho. Yeye akampa dakika arobaini mtu aliyebakiwa na kumi na nane.

Tangu hapo hakupima tena kwa saa. Alichukua nambari ya mstari wa mtu, akatoa nambari ya mstari alipofika Mama, akapata mistari iliyobaki. Na kila karani aliyeandika lori moja alikuwa akiukata mmoja.

*

Alhamisi saa tano na dakika moja asubuhi Nakala iliandika hivi:

*MAHIR. Karani wa lakiri. Yadini. Kugongwa. Zote.*

Safu ya mwisho ni ile ya sehemu za mwili.

Swabra, aliyekuwa Likoni mbele ya mashine tangu alfajiri, aliusoma papo hapo. Mara hii hakuchelewa hata sekunde. Ilibaki mistari mia mbili na tisini.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mahir alikuwa amevaa viziba masikio, kama kanuni za usalama zinavyotaka. Mistari mia mbili na sitini. Akampigia Erastus.

"Mzee, nakuomba. Mwambie Mahir atoke yadini."

"Kwa sababu gani, niandike?"

"Mgonjwa. Andika mama yetu mgonjwa."

"Pole sana. Kuna fomu ya udhuru. Aje mwenyewe ofisini aichukue, nitamsaini hapa hapa."

"Mtume mtu amwambie!"

"Nitatuma. Tukimaliza hii foleni. Leo kuna meli mbili, malori ni mengi, madam, hujui."

Alijua. Alikuwa akiyaona yakipita. Mia mbili. Mia moja na themanini. Siku ya foleni makarani huandika mbio, na kila mstari waliouandika kule Changamwe ulikuwa hatua moja. Mia moja na ishirini. Tisini. Swabra alisema kwamba aliwachukia wale makarani, watu anaowajua, watu aliokula nao futari. Alitamani vidole vyao vikauke.

Arobaini na mbili.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Ikiwa mistari ndiyo inayokwenda, basi izuie kule inakotoka. Mzime Mama. Mama asipoandika, wa Mahir hautafikiwa.

Lakini kulikuwa na sharti moja, na ni yeye aliyeliandika alipoifunga mitambo ile. Mama akinyamaza kwa sekunde thelathini, Nakala huchukua kiti. Ndiyo sababu ya kuwa na mbili. Nakala ikishachukua kiti, haimfuati tena mtu. Yaliyomo ndani yake ndiyo kweli, na Mama akiamka atapaswa kufuata yeye. Kwa hiyo kabla ya kumzima Mama lazima aifunge Nakala mikono. Mashine ile inakubali. Unaiandikia: usichukue kiti mpaka saa fulani.

Mpaka saa ngapi? Akawaza kama mama mwenye nyumba anavyowaza siku yake. Mahir hutoka kazini saa kumi na moja. Mpe saa nzima ya njia na daraja la Nyali. Saa kumi na mbili yuko Kisauni, ameshavua viatu, anamwuliza mama kuna nini jikoni. Saa kumi na mbili. Akaandika: 12:00.

Ishirini na moja.

Akabonyeza. Akaufungua mlango wa Mama kwa mbali, akatoa amri ya kuzima. Mama akauliza kama ana hakika. Kumi na tatu. Ndiyo. Mama akauliza sababu, kwa kumbukumbu za ofisi. Kumi. Swabra akaandika herufi yoyote. Nane. Saba.

Saba.

Saba.

Haikusogea. Alikaa akiitazama ile saba kwa dakika nzima, mikono kichwani, akilia bila sauti. Kona ya skrini iliandika 11:41. Hakuiona. Au aliiona kama mtu anavyouona ukuta.

Simu ikalia.

"Dada! Umenipigia mara kumi na nne. Mama yuko salama?"

"Mama mzima. Mahir, uko wapi?"

"Langoni. Erastus ametuma mtu ati mama mgonjwa, nikatupa kila kitu nikaja mbio. Sasa lango limegoma. Mtambo umelala, na hawa wanasema hakuna mtu kutoka bila kuandikwa. Nimekwama hapa na malori sita nyuma yangu, kila moja lina kontena, madereva wanatukana hadi nimejifunza maneno mapya."

"Mtambo nimeuzima mimi."

"Wewe? Wallahi watakufukuza."

"Wacha wanifukuze. Nisikilize. Usirudi ndani. Kaa hapo hapo langoni, usisogee popote mpaka nikwambie. Umesikia?"

"Nimesikia, bosi."

"Kaa na mimi kwenye simu."

"Kwani umenikumbuka sana leo?" Akashusha sauti. "Dada. Ni kama Ruwa?"

"Ilikuwa. Nimeisimamisha."

Mahir akaanza kuzungumza habari za chakula, kama ilivyo kawaida yake akiogopa. Mama ameahidi kupika biriani ya kamba. Yeye atakula sahani mbili, na ya tatu kwa ajili ya dereva wa nyuma yake aliyemwita mbuzi. Swabra alicheka. Alisema ndicho kicheko chake cha mwisho alichokisikia na kukitambua kuwa ni chake.

Bi Barke aliingia akasimama nyuma yake. Aliitazama skrini, mwanamke asiyejua kompyuta, akaweka kidole kwenye ile saba.

"Mbona imesimama?" alinong'ona.

"Nimeizuia iandike."

"Ewe mwanangu."

"Nini?"

"Marehemu naye aliacha. Siku moja aliona jina la mtu wake mwenyewe linakuja, akaweka kalamu chini katikati ya jina. Akasema, siandiki tena. Siku tatu hakuandika, chumba kikawa kimya, tukamshukuru Mungu. Siku ya nne yaliyobaki yakamjia yote kwa pamoja." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tulimkuta amekunjwa. Mgongo umekunjwa kwa nyuma mpaka visigino vimegusa kisogo, na mbavu zimetokea mbele kama vidole. Watu hudhani alikufa kwa kuandika. Alikufa kwa kuacha."

Swabra akageuka kutazama skrini. Sasa ndipo alipoiona ile kona.

11:59.

Aliiona, na kwa pumzi mbili tatu hakuelewa. Saa kumi na mbili bado sana. Nje jua lilikuwa la utosi. Bado saa sita hata haija—

Akaelewa.

Mashine haijui Kiswahili. Saa kumi na mbili ya kwetu, jua linapozama, kwake ni kumi na nane. Na kumi na mbili yake ni saa sita ya mchana. Ni sasa.

"Mahir! Toka hapo! Toka langoni!"

"Si umeniambia—"

*12:00. Nakala imechukua kiti.*

Ile saba ikawa sifuri.

Mistari sita iliyoutangulia mstari wa Mahir ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa ameipita mara ishirini bila kuitazama. *Lori limetoka. Lori limetoka. Lori limetoka. Lori limetoka. Lori limetoka. Lori limetoka.* Kila mmoja peke yake hauna madhara. Lakini sasa haikuwa mistari inayokuja. Ilikuwa mistari iliyokwisha andikwa, na safu ya saa ilikuwa imejaa, yote sita, saa moja, dakika moja, sekunde moja.

Kwenye simu alisikia lango likifunguka. Alisikia Mahir akisema, "Limefunguka," kwa sauti ya furaha.

Halafu injini. Zote.

Yaliyofuata aliyasikia, na hakunisimulia kwa maneno. Nilikuja kuyapata kwa mlinzi. Malori sita yalitoka katika lango la lori moja. Hayakufuatana. Yalitoka pamoja, sita kwa upana wa moja, chuma kikila chuma, kontena zikipanda juu ya kontena. Nguzo za lango zilichanika kama karatasi. Mahir alikuwa katikati ya nguzo na simu sikioni. La kwanza lilimbana kwenye nguzo na kumpasua. La pili lilimvuta. La tatu, la nne. Mlinzi alisema aliendelea kuisikia sauti mle chini, mpaka la tano, na haikuwa sauti ya kulia, ilikuwa ya mtu anayejaribu kumaliza sentensi. Kontena la lori la sita lilianguka na kulala juu ya yote, likakaa sawasawa.

Madereva wawili kati ya wale sita walikuwa nje wananunua viazi karai. Malori yao yalitoka vilevile.

Waosha maiti waliingia na ndoo nne za maji na wakatumia moja. Mkubwa wao alitoka akamwuliza mjomba wao Mahir kama sanda inaweza kufungwa upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili hakujua ni upi. Mama yao alikaa uani siku arobaini. Kila jioni, saa kumi na mbili, alisimama.

Swabra hakuwahi kumwambia aliandika nini.

*

Uchunguzi ulifanyika. Lango, kwa mujibu wa kanuni, ni sehemu ya yadi, kwa hiyo ajali iliingizwa ilipopaswa. Ripoti ina kurasa sitini na inasema mengi ya haki kuhusu breki. Kuhusu daftari ina sentensi moja: wakati wa tukio, pengo lilikuwa sifuri, jambo ambalo liko ndani ya kiwango. Bibi Lavender alitia sahihi.

Nakala ilitolewa Likoni, ikatobolewa kwa keekee mbele ya mashahidi watatu na fomu yake. Chumba kikarudishwa. Mama akawashwa upya kutoka kwenye hifadhi ya zamani ili kazi iendelee, na hapo ndipo karani alipojaribu kuandika mstari unaofuata, kontena la vitambaa, si kitu kingine. Mashine ikakataa. Nambari hiyo imeshachukuliwa. Akajaribu inayofuata. Imeshachukuliwa. Walipanda hivyo moja moja hadi ya arobaini na mbili, ndipo ikakubali. Arobaini na moja zilizopitwa zimo humo, zina wenyewe, na ukizifungua ni tupu kila safu. Hazifutiki. Kampuni imeziita nafasi za akiba.

Swabra aliacha kazi. Aliyeshika mahali pake ni kijana mwangalifu, na mwezi uliopita alimpigia simu kuuliza jambo dogo la hesabu. Alikuwa amehakiki zile nafasi tupu kwa ajili ya ukaguzi na zilikuwa thelathini na nane. Alirudia mara nne. Yadini hakujaumia mtu tangu siku ile. Wana bango langoni linalojisifia. Hakuna karani aliyezigusa.

Swabra akamwuliza zile tatu zilizojaa zimeandikwa nini.

"Hazikujaa, dada," kijana alisema. "Hazipo. Ni kama wenyewe wamekuja wakazichukua wakaondoka nazo."